Makapu Matano na Beseni la Maji: Mwongozo Kamili wa Kufundisha kwa Michezo katika Chekechea ya Kanisa

Kila Januari, shule zikishafunguliwa wiki mbili tatu, yuko mzazi atakayesimama mlangoni na daftari la mwanawe mkononi. Kurasa ni nyeupe. Atauliza kwa adabu, lakini uchungu unasikika: "Mwalimu, karo nimelipa, na mtoto kila siku arudi na mchanga kichwani. Amesoma nini?"

Mimi nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, upande wa Kisauni, Mombasa, katika ukumbi wa kanisa, na swali hilo nililijibu vibaya kwa miaka. Nilikuwa narudi darasani nikiwajazisha watoto kurasa za a, e, i, o, u ili mzazi aridhike. Siku hizi namwambia aje Jumatano saa tatu asubuhi, akae mkekani, atazame. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mchungaji au mwanakamati anayetaka chekechea ambamo mchezo ndio somo lenyewe. Si pumziko baina ya masomo, wala si zawadi ya aliyewahi kumaliza kuandika.

Hatua ya kwanza: elewaneni na kanisa kabla hujanunua chochote

Kamati ikiona watoto wanacheza na mwalimu ameketi chini nao, itasema mwalimu ni mvivu. Kwa hiyo nenda kwao mapema, ukiwa na maneno yako tayari.

Anza na mtaala. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) unawaweka watoto wa miaka minne na mitano katika PP1 na PP2, miaka miwili ya chekechea, kwa vipindi vya dakika 30, na unataka wajifunze kwa kutenda na kucheza. Unataka pia wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, ambayo kwetu Mombasa ni Kiswahili. Ukimwona mwalimu akiwakataza watoto kuzungumza Kiswahili wakati wa mchezo, jua amewafunga midomo pale pale ambapo lugha ingekua.

Kisha waeleze kwamba jambo hili si mtindo wa juzi. Friedrich Froebel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alifungua shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na vifaa vyake vya kufundishia vilikuwa mipira na vibao vya mbao. Na mchungaji akikuuliza Maandiko yasemaje, mfungulie Zekaria sura ya 8, mstari wa 5. Nabii anapoeleza jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Mungu atakapourejesha, anataja njia za mji zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza. Mimi huona uzito mkubwa hapo: watoto kucheza bila hofu ni sehemu ya picha ya mji uliobarikiwa.

Tuseme ukweli pia kwamba majirani zetu Waislamu walitutangulia. Programu ya Madrasa, ya chekechea za jamii za Kiislamu, iliyoanza hapa hapa Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ilichukua mbinu ya HighScope kutoka Marekani, ambayo mtoto hupanga, hucheza, kisha husimulia, na kuipa vifaa na dini ya watu wa Pwani. Mengi niyafanyayo darasani asili yake ni huko. Ukipata mwalimu aliyefunzwa nao akakubali umtembelee, nenda. Asubuhi moja ya kutazama itakufaa kuliko semina ya siku tatu.

Mwisho, iombe kamati vitu viwili tu: kabati au chumba cha kufungwa kwa ufunguo, na kivuli uani. Mwembe ukiwepo, umebarikiwa. Kama haupo, paa la makuti juu ya nguzo nne latosha. Februari na Machi jua letu halimruhusu mtoto kukaa nje baada ya saa nne.

Hatua ya pili: darasa zima liingie katika makapu matano

Vitabu vingi vya ualimu vinakwambia upange "pembe za kujifunzia" na uziache hapo mwaka mzima. Katika ukumbi wa kanisa hilo haliwezekani. Jumamosi kwaya inafanya mazoezi, Jumapili kuna ibada, na Jumatatu utakuta viti vimerudi mahali pako. Nilipambana na jambo hili mpaka nikaacha kupigania pembe nikaanza kutumia makapu. Kila kapu lina mkeka wake. Mkeka ukitandikwa, pembe imefunguka. Mkeka ukikunjwa, imefungwa.

Kapu la nyumba: leso mbili kuukuu, sufuria ndogo, mwiko, kikapu, ufagio mfupi wa chelewa, mdoli wa kitambaa, simu iliyokufa ambayo betri imetolewa.

Kapu la soko: vifuniko vya chupa, kokwa za ukwaju, mbegu za mabuyu, mizani ya kijiti na vifuu viwili, vipande vya karatasi vya kufanya noti.

Kapu la kujengea: mabaki ya mbao kutoka kwa seremala. Mwombe akate kwa vipimo vitatu tu, kibao kimoja kiwe nusu ya kingine, na kingine kiwe robo. Hapo mtoto atagundua mwenyewe kwamba vidogo viwili vinalingana na kikubwa kimoja. Vipigwe msasa mpaka mkono wako upite bila kukwaruzwa.

Kapu la kufinyanga. Wengi hutumia unga wa ngano: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji yakitiwa kidogo kidogo, na kijiko cha mafuta. Unafinyangika vizuri, ila kwa unyevu wetu chumvi huvuta maji na kesho yake unanata. Uweke ndani ya mkebe wenye kifuniko na uongeze unga kila asubuhi. Mimi niliuacha. Katika darasa langu wamo watoto ambao nyumbani chakula cha mchana si hakika, na sikuweza kuendelea kuwapa unga wachezee. Sasa natumia udongo wa kichuguu uliopondwa, ukachekechwa na kulowekwa usiku kucha. Unafanya kazi ileile, na mzazi akiuona haumuumi.

Kapu la tano ni la hadithi. Nitalieleza kwa urefu mbele.

Mchanga na maji haviingii kapuni. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa, ndani ya sinia kubwa au tairi la gari lililokatwa, unafunikwa kila jioni kwa turubai, la sivyo paka wa mtaa wataufanya choo. Maji ya beseni yamwagwe kila siku na beseni ligeuzwe kifudifudi. Dengi imekwisha kutuumiza Mombasa, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia.

Kwa watoto ishirini, usifungue makapu yote siku ya kwanza. Fungua mawili, wiki nzima. Wakishajua kuvitoa na kuvirudisha vitu vyake, ongeza la tatu. Mwalimu anayefungua yote siku moja hushinda akiokota vifuniko, na wiki ya pili atasema mbinu haifai.

Hatua ya tatu: saa moja yenye vipande vitatu

Unganisha vipindi viwili vinavyofuatana upate saa nzima. Kwetu ni saa tatu hadi saa nne, baada ya sala ya asubuhi na kabla ya uji. Chini ya hapo mchezo haujapata kina. Watoto huchukua kama robo saa kugombania majukumu tu: nani mama, nani mteja, nani dereva wa matatu.

Kipande cha kwanza, dakika kumi: kupanga. Keti nao duarani, umuulize kila mmoja, "Leo utafanya nini?" Mtoto wa Januari atanyoosha kidole tu kwenye kapu. Pokea. Ifikapo Mei atakwambia, "Nitajenga daraja la Nyali halafu nipitishe lori, lakini lisianguke kama jana." Sentensi hiyo ina wakati ujao, wakati uliopita na tatizo linalotafutiwa dawa. Hukumfundisha kwa ubao.

Kipande cha pili, dakika arubaini: kucheza. Kazi yako hapa ni ngumu kuliko kusimama ubaoni. Dakika tano za kwanza usiseme kitu, tazama. Halafu ingia mchezoni kama mtu wa mchezo huo. Kama ni duka, kuwa mteja. Kama ni hospitali, umwa. Usiingie na maswali ya mtihani, "Hii ni rangi gani? Hizi ni ngapi?" Mtoto anajua kwamba wewe jibu unalo, na mchezo utakufa mikononi mwako. Uliza usilolijua: "Sasa daktari, nikinywa dawa hii nirudi lini?"

Kipande cha tatu, dakika kumi: kusimulia. Wakisharudisha vitu, watatu au wanne waeleze walichofanya. Si wote kila siku. Wengine watachoka na utawalazimisha kukaa kimya, jambo ambalo si lengo.

Hatua ya nne: hesabu na herufi zimo sokoni

Hapa ndipo wazazi hawaamini, kwa hiyo nieleze polepole.

Watoto wetu wamekwenda soko la Kongowea na mama zao. Wameona nyanya zikipangwa mafungu. Siku ya kwanza ya kapu la soko usiwafundishe kitu. Waulize tu muuza nyanya anapanga vipi. Utaona mtoto akiweka vifuniko vitatu chini na kimoja juu, vilevile alivyoona. Mwingine ataweka vitano. Hapo ugomvi utazuka: "Fungu lako dogo, hununuliwi!" Usiukate ugomvi huo, maana ndiyo hesabu yenyewe. Wanalinganisha idadi, na wana sababu ya kuijali.

Wiki ya pili sema wewe ni mama wa harusi na unataka mafungu matatu, kila fungu nyanya tano. Mtoto atahesabu tano, tano na tano, kisha atazihesabu zote afike kumi na tano. Hajui kwamba siku moja ataliita jambo hilo kuzidisha, wala hana haja ya kujua leo. Wiki ya tatu leta mizani ya vifuu: kokwa ngapi za ukwaju zinalingana na kifuniko kimoja?

Herufi zinaingia kwa haja vilevile. Duka linahitaji kibao. "Tuandike nini ili mteja ajue tunauza nazi?" Unaandika NAZI mbele yao, ukitamka silabi: na, zi. Kesho mtoto ambaye jina lake linaanza na Na atagundua kwamba herufi zake mbili zimo kwenye kibao cha duka, na furaha yake utaikumbuka. Wanaotaka kuandika wapewe sinia la mchanga, waandike kwa kidole. Aliyekosea anapangusa na hakuna alama nyekundu.

Kuhusu kalamu, mwambie mzazi hivi: kidole kinachokanda udongo, kinachochambua kokwa moja moja na kufunga fundo la leso, kinapata nguvu ya kushika penseli. Kidole kisicho na nguvu hiyo kikipewa penseli kinaishika kama mchi wa kinu, na kuja kukirekebisha baadaye ni kazi.

Hatua ya tano: hadithi ya Biblia ishikwe kwa mikono

Kosa kubwa la chekechea zetu za kanisa ni kudhani kwamba mchezo unakuwa wa Kikristo ukibandikwa mstari. Mtoto anajenga mnara, mwalimu anamkimbilia na Mnara wa Babeli. Mtoto anachezea maji, anaambiwa habari za Nuhu. Naomba tuache. Mtoto anayejenga mnara kwa bidii na kumgawia mwenzake vibao tayari yuko katika jambo jema mbele za Mungu, hata asipotajiwa sura na aya. Hadithi ya Biblia ina saa yake na kapu lake, na ikipewa heshima hiyo itaingia yenyewe katika michezo mingine bila kusukumwa.

Fanya hivi. Chagua hadithi moja kwa wiki mbili, si moja kila siku. Chukua tufani ya Marko sura ya 4. Wiki ya kwanza, kabla hujasema lolote juu ya Yesu, weka beseni la maji, vifuu vya ukubwa tofauti na rundo la kokoto. Kifuu ni dau, kokoto ni abiria. Wape siku tatu. Watapakia, wataona kinazama, watapunguza. Wengine huvuka Likoni kila wiki, na mchezo utageuka feri: kupiga honi, kupanga foleni, kuzuia wanaosukumana. Mtoto mmoja aliwahi kuniambia, "Huyu mkubwa akikaa upande mmoja, linalala. Akae katikati." Sikumwongezea neno.

Siku ya nne, wakishajua dau linavyoyumba, toa kapu la hadithi. Kitambaa cha buluu, kifuu kimoja, watu wadogo wa mbao au mabua. Simulia polepole, macho yako yakiwa kwenye vifaa, si kwa watoto. Nao watafuata macho yako. Biblia inasema Yesu alilala katika shetri. Wajukuu wa mabaharia watakuelewa zaidi ukisema tezi. Tikisa kitambaa. Wanafunzi wanaogopa. Yesu anaamka, anasema na bahari. Laza kitambaa, mkono wako utulie juu yake, ukae kimya ukihesabu moyoni mpaka kumi. Ukimya huu usiuruke. Usiulize, "Tunajifunza nini?" Ukihitaji swali, liwe hili: "Wewe ungekaa wapi ndani ya dau?"

Kisha rudisha kila kitu kapuni mbele yao, na uwaambie kapu litakuwa wazi kesho. Wiki ya pili wataisimulia wao. Watabadilisha mambo; atatokea papa, watatokea polisi wa baharini. Waache. Mtoto mwenye hofu ya maji, au ya baba anayefoka nyumbani, mara nyingi huitoa hapa, ndani ya kitambaa cha buluu, na wewe utakuwa karibu ukisikia.

Hadithi nyingine inayokubali mikono ni ya shilingi iliyopotea, Luka 15. Kata sarafu kumi za kadibodi, uzifunike kwa karatasi ya kung'aa. Kapu la nyumba litoe ufagio wa chelewa na taa. Wahesabu kumi, moja ifichwe, nyumba ifagiliwe pembe kwa pembe. Ikipatikana, majirani wanaitwa, na lazima kuwe na chai ya sherehe. Watoto wangu hawachoki nayo. Mpanzi wa Mathayo 13 mngojeeni masika: pandeni kunde njiani palipokanyagwa, kwenye changarawe na kwenye udongo mzuri, mwone kwa macho.

Kusulubiwa sikutoi kuchezwa kwa watoto wa miaka minne. Naisimulia kwa maneno machache wakati wa Pasaka, kwa sauti ya chini, na naenda haraka kwenye kaburi tupu. Kuna walimu watakaopinga. Huo ndio msimamo wangu.

Jambo la uzito Mombasa: darasani kwako huenda wamo watoto Waislamu, kwa sababu chekechea yenu ndiyo iliyo karibu. Waeleze wazazi wao siku ya kuandikisha, kwa uwazi, hadithi zipi zinasimuliwa na saa ngapi. Mtoto wao akitaka kufinyanga wakati huo, afinyange. Mtaala wenyewe unatambua elimu ya dini ya Kiislamu kando ya ile ya Kikristo. Mzazi aliyekuamini na mwanawe hapaswi kugundua jambo nyuma ya mgongo wake.

Hatua ya sita: andika unachokiona

Beba daftari dogo mfukoni. Kila siku chagua watoto watatu tu, na kwa kila mmoja andika sentensi mbili za alichofanya na alichosema, si unavyomwona wewe. "Ni mtundu" haisaidii mtu. "Amejenga vibao sita, vikaanguka, akaweka kipana chini, akasema: hiki ndicho baba yao" inasaidia. Kwa watatu kwa siku, watoto ishirini utawazunguka kila baada ya siku saba. Mwisho wa muhula utakuwa na kurasa za kumsomea mzazi, na zitakwambia pia nani hajawahi kusogelea kapu la soko, ili kesho umwalike.

Hatua ya saba: usalama na ugomvi

Kitu kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kama bebi klasi wako ukumbini humo humo, kokwa na vifuniko vidogo visifunguliwe wakiwa karibu. Wakiokota mbegu njiani, wakataze zile nyekundu zenye jicho jeusi. Ni nzuri kama shanga na ni sumu kali. Vifuu vipigwe msasa kingo zake. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya mchanga na kabla ya uji, bila kukosa.

Wakipigana, hakuna kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko, na hata isingekataza, mtoto aliyepigwa saa tatu hachezi tena saa tatu na nusu. Piga goti katikati yao, shika kinachogombaniwa wewe, uwape kila mmoja nafasi ya kusema. Uliza, "Tufanyeje?" na ungoje. Mara nyingi wao ndio watakaoleta suluhu, na huenda isiwe ya haki machoni pako. Wakikubaliana, iache.

Hatua ya nane: wazazi wacheze

Mkutano wa wazazi usiwe wa hotuba. Tandika mikeka mitano, fungua makapu matano, waambie wakae. Akina mama watacheka, akina baba watasimama ukutani na simu zao. Ngoja. Mpe baba mmoja vibao na umwambie ajenge daraja la kupitisha kopo la maziwa bila kuanguka. Baada ya dakika kumi watakuwa wanne, wakibishana kuhusu nguzo. Hapo ndipo uwaulize wametumia hesabu gani, lugha gani, na nani aliyemsikiliza mwenzake.

Atakayeuliza kuhusu mahojiano ya kuingia gredi ya kwanza katika shule fulani, usimkebehi. Hofu yake ni ya kweli. Mwonyeshe kurasa za mwanawe. Mwambie kwamba katika muhula wa mwisho wa PP2 watoto wataandika daftarini pia, wakiwa na vidole vilivyo tayari na jambo la kuandika. Kisha mwombe kitu cha nyumbani: vifuu alivyokuna wiki hii, vioshwe, viletwe Jumatatu. Kwetu vinavunjika kila wiki, na beseni linangoja.